Farasi Aliyebaki Pwani

Mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Methali hii twaifundisha kila mwaka katika madarasa ya mwambao wa Tanganyika, toka Rumonge hadi Nyanza-Lac na Kabonga, na kila mwaka yatukuta mashaka yale yale. Wanafunzi waielewa upesi tamaa ya yule mpandaji, kwani tamaa haina nchi. Lakini farasi mwenyewe wengi wao hawajapata kumwona ila katika picha. Wajua mtumbwi na wavu, ndagala na mukeke, michikichi na mawese, ng'ombe na mbuzi. Farasi kwao ni neno tupu, lililokuja na Kiswahili kama kanzu inavyokuja dukani bila ya mshonaji wake. Wala si ajabu mtoto mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, farasi walipita hapa lini?"

Jibu fupi ni kwamba katika zama za misafara, zilizoleta Kiswahili ziwani, farasi hawakufika. Jibu refu ndilo tutakalojaribu kulieleza hapa, maana ndani yake mna historia ya bahari, ya upepo, ya inzi, na ya mabega ya watu. Tutaanza mbali kidogo, kwenye vyombo vilivyochukua farasi ng'ambo, kisha turudi ziwani kwetu. Msomaji atuvumilie: bila ya kujua jinsi farasi anavyofungashiwa safari, hawezi kuelewa kwa nini safari yake ilikoma pale ilipokoma.

Farasi wa Arabuni alisafiri baharini tangu kale. Marco Polo, aliyepita Hormuz mwishoni mwa karne ya 13, ameeleza vyombo vya huko. Vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi wala havikupigwa misumari, kama mitepe yetu ya Lamu na Bajuni. Havikuwa na sitaha. Bidhaa zilipangwa chini, zikafunikwa ngozi, na juu ya ngozi hizo wakasimamishwa farasi waliopelekwa kuuzwa Bara Hindi. Tufikirie mnyama mzito kama yule, amesimama juu ya shehena, hana paa wala ukuta, mawimbi yakimpiga ubavuni. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ametaja farasi wa asili njema waliotoka Dhofar kwenda Bara Hindi, akasema upepo ukiwa mwema safari yachukua mwezi mzima. Walikofika mambo hayakuwa mepesi. Marco Polo asimulia kwamba upande wa kusini wa Bara Hindi farasi walikufa kwa wingi, kwa kuwa wenyeji hawakujua kuwatunza wala hawakuwa na waganga wa farasi. Yaani mfalme aliweza kununua mnyama asiweze kununua maarifa ya kumlisha.

Kwa upande wa kwetu, farasi walishuka pamoja na Kaskazi. Upepo huo huvuma toka Desemba hadi Machi, wakati wa baridi katika nchi za Kaskazini, na ndio ulioleta majahazi ya Muscat na Sur Mombasa na Zanzibar yakiwa na tende, papa mkavu na mazulia. Kusi ilipoanza, majahazi yakarudi na boriti za mikoko. Basi nahodha aliyekuwa na farasi chomboni hakuwa na hiari ya tarehe. Akichelewa Arabuni, Kaskazi humwacha, na farasi wake hubaki mwaka mzima wakila shayiri ya bure.

Katika visiwa vyetu farasi alikuwa mnyama wa jumba. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, aeleza jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda farasi tangu wangali wadogo. Hapa ndipo maneno yetu yalipopata mwili: tandiko, hatamu, lijamu, na saisi, yaani mtu wa kumhudumia farasi. Hali kadhalika tenzi za vita za zamani, kama Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, zilikuwa na wasikilizaji waliomjua farasi, japo kwa kumwona akipita na bwana wake.

Sasa tuingie katika kufungasha kwenyewe. Farasi ana maumbile yanayomtesa baharini. Hawezi kutapika, hivyo tumbo likimchafuka halina njia ya kupungua, na msokoto wa tumbo waweza kumwua kwa muda wa saa chache. Hapumui kwa kinywa, hupumua kwa pua tu, basi hewa ikiwa chafu hana pa kukimbilia. Hula kidogo kidogo karibu mchana na usiku. Tena akifungwa kichwa juu siku nyingi, makamasi na vumbi havishuki, humwingia mapafuni akapata homa. Kwa sababu hizi wajuzi wa kale na wa sasa wamekubaliana katika mambo machache: apunguziwe nafaka kabla ya safari, apewe majani makavu kwa wingi, maji yasikatike, hewa ipite, na kichwa kipate nafasi ya kuinama. Katika meli za majeshi ya Ulaya za karne ya 19 waliongeza mkanda mpana wa turubai chini ya tumbo ili bahari ikichafuka mnyama asianguke, na walipangusa pua zake na hori lake kwa siki kupunguza uvundo wa tumbo la meli. Mambo ya siki yaweza kutuchekesha, lakini waliofungiwa chini pamoja na farasi mia mbili katika joto la Bahari ya Sham hawakucheka.

Mfano ulio wazi kabisa kwetu ni ule wa meli Sultana. Sayyid Said alikuwa amefunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Mnamo Februari 1840 meli yake iliondoka Zanzibar chini ya Ahmad bin Naaman, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840. Ndani mlikuwa na pembe, karafuu, sandarusi, tende na kahawa, na pamoja na hizo zawadi za Rais Van Buren, farasi wawili wa Kiarabu wakiwemo. Tujipe hesabu, kama tunavyowapa wanafunzi wetu. Tuseme farasi mmoja anywa lita 30 kwa siku, ambalo si kadirio kubwa katika joto, na ala kilo 7 za majani makavu. Tuseme safari ni siku 75. Farasi wawili watahitaji lita 4,500 za maji na kilo 1,050 za majani. Mapipa mangapi hayo! Na yote yalipasa kupakiwa kabla ya nanga kung'olewa, mahali ambapo mfanyabiashara angependa kuweka pembe na karafuu. Zawadi ya mfalme haipimwi kwa bei yake tu, hupimwa pia kwa nafasi inayokula chomboni.

Farasi wakafika wazima. Lakini sheria ya Marekani haikumruhusu Rais kujipokelea zawadi za wafalme. Shauri likapelekwa mbele ya Bunge lao, na katika Julai 1840 likapitishwa azimio kwamba zawadi hizo, pamoja na zile za Sultani wa Morocco, ziuzwe na fedha ziingie hazina. Basi farasi waliovuka bahari kwa gharama ile yote waliishia mnadani. Hatuwalaumu Wamarekani, waliishika sheria yao. Lakini twamwonea imani saisi, ambaye jina lake halikuhifadhiwa kama lilivyohifadhiwa la nahodha, na ambaye bila shaka ndiye aliyelala karibu na kwato zile usiku wa dhoruba.

Kumbe basi bahari, pamoja na hatari zake, iliwezekana. Farasi aliweza kuzunguka Afrika nzima na kufika Amerika. Lililomshinda ni barabara ya toka Bagamoyo hadi Ujiji.

Wengi walijaribu kuingiza wanyama wa mizigo bara. Livingstone, mnamo Machi 1866, alishusha Mikindani ngamia sita, nyati wa Kihindi watatu na ndama wao, nyumbu wawili na punda wanne. Alitaka kujua kama wanyama hao wataweza kupita katika nchi ya mbung'o. Lakini waliokabidhiwa kuwatunza waliwapakia mizigo kupita kiasi na kuwapiga, wanyama wakafa mmoja mmoja wakiwa na vidonda, na mwishowe Livingstone mwenyewe hakuweza kusema kwa yakini ni inzi aliyewaua au ni fimbo. Twaona hapa kosa lile lile la wafalme wa Bara Hindi: mnyama alifungashiwa, mtunzaji hakufungashiwa maarifa.

Miaka mitano baadaye Stanley alifika Zanzibar. Aliambiwa na wenyeji kwamba farasi hawaishi katika nchi iliyo nyuma ya Bagamoyo. Hakusadiki. Alipata farasi wawili, mmoja wa rangi ya kijivu aliyepewa na Sayyid Barghash, wa pili akapewa na mfanyabiashara wa Kimarekani. Punda alikuwa nao 27, akawashonea matandiko ya turubai, kamba na pamba, akaona kwamba matandiko ya Kizungu yangewachubua migongo. Katika hili la punda alikuwa na akili. Katika lile la farasi majibu hayakuchelewa. Aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, na kabla ya kwenda mbali, huko Kingaru, farasi wote wawili wakafa katika muda wa siku mbili. Stanley alimpasua wa kwanza, akakuta minyoo tumboni, akashikilia kwamba si nchi iliyomwua. Huenda alisema kweli kuhusu mnyama yule. Hata hivyo farasi wengine hawakumfuata.

Siku hizo sababu haikujulikana. Katika miaka ya 1894 na 1895 David Bruce, akifanya kazi katika nchi ya Wazulu, aligundua kwamba mbung'o hubeba vijidudu vya damu, ambavyo baadaye viliitwa tripanosoma, na kwamba hivyo ndivyo viletavyo nagana kwa mifugo. Ugonjwa wa pili, maradhi ya farasi ya Afrika, ni wa virusi, na huenezwa na usubi wakati wa mvua. Punda na punda milia huustahimili. Farasi mgeni hufa kwa wingi. Hivyo farasi aliyetoka Zanzibar kwenda ziwani aliingia kati ya maadui wawili wenye mabawa, mmoja wa kichakani na mmoja wa majimaji.

Punda naye hakupita kwa raha. Msafara wa Stanley ulipofika mto Malagarasi, punda wake mmoja mzuri aliyeitwa Simba alifungwa kamba shingoni avushwe kwa kuogelea nyuma ya mtumbwi. Katikati ya mto mamba akamkamata koo. Watu walivuta kamba upande wao, mamba akavuta upande wake, na mamba akashinda. Punda wa pili akavushwa kesho yake. Sisi tunaoishi kando ya maji twalielewa tukio hilo zaidi ya watu wa mijini: mnyama akishafungwa kamba nyuma ya chombo, hana tena hiari ya kukimbia.

Stanley aliingia Ujiji mnamo Novemba 1871, akamkuta Livingstone. Mwezi ule ule wawili hao walipanda mtumbwi wakaelekea kaskazini, wakiambaa na pwani ya Burundi, wakapita mbele ya vilima vyetu hivi hivi hadi mlango wa Rusizi, wakahakikisha kwamba mto huo huingia ziwani wala hautoki. Mtumbwi uliwapeleka pale ambapo farasi asingewapeleka. Na kwa kweli katika mwambao huu, ambapo milima huteremka karibu na maji, chombo kimekuwa ndio mnyama wa safari.

Lakini mizigo iliyofika Ujiji, na kutoka huko ikasambaa Rumonge na Uvira, ilifikaje? Ilifika juu ya mabega. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili. (Tuwaangalie wanafunzi hapa, kwani huichanganya frasila na farasi. Frasila ni kipimo cha uzito, karibu kilo 16, wala hana kwato.) Robota za merikani na kaniki, masango ya shaba, ushanga wa samisami, vyote vilipimwa na kufungwa kwa kadiri ya bega la mtu. Na vilivyoshuka pwani vilikuwa pembe, na pamoja na pembe watu waliotiwa utumwani, ambao hawakuulizwa kama wataka kusafiri. Hatuwezi kuifundisha njia ya Ujiji kana kwamba ilikuwa njia ya biashara ya nguo tu. Ile methali nyingine tunayoipenda, punda afe mzigo wa bwana ufike, yatufaa kuisoma tukikumbuka kwamba mara nyingi katika njia ile mahali pa punda palishikwa na mwanadamu.

Jambo hilo lilijirudia katika Vita Kuu vya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Afrika Kusini yaliingia Tanganyika yakiwa na vikosi vya wapanda farasi. Mvua, mbung'o na maradhi viliwaua farasi kwa maelfu, na kazi yao ikahamishiwa kwa wapagazi. Upande wa magharibi majeshi ya Kibelgiji yalitoka Kongo, yakapita Rwanda na Burundi, yakaitwaa Kigoma Julai 1916, nayo pia yakiwa yamebebewa na watu. Wapagazi waliokufa katika vita vile, kwa njaa, kuhara na uchovu, ni makumi ya maelfu. Kumbukumbu yao iliyo dhahiri ni jina la mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi: ni jina la kikosi cha wapagazi, likitamkwa kwa ulimi wetu.

Leo farasi wa mashindano husafiri kwa ndege. Majira ya baridi yakiingia Ulaya, wengine hupelekwa Dubai, ambako mbio za Kombe la Dunia la Dubai zilianza mwaka 1996, na wengine Florida katika Marekani, ambako mashindano ya kuruka viunzi huendelea tangu Januari hadi Machi. Safari iliyokuwa ya mwezi imekuwa ya saa. Ajabu ni kwamba kufungasha hakukubadilika sana. Majani makavu hulowanishwa ili yasitoe vumbi, maji hutolewa mara kwa mara, kichwa hupewa nafasi ya kuinama, mablanketi mazito na mepesi huchukuliwa kwa kuwa baridi huachwa upande mmoja na joto kukutwa upande wa pili, na saisi hukaa karibu. Kilichoongezeka ni karatasi: pasi ya farasi, cheti cha daktari wa mifugo, majibu ya damu, na karantini. Kwa ajili ya karantini ya Australia, michezo ya farasi ya Olimpiki ya Melbourne ya mwaka 1956 ilibidi ifanywe Stockholm, upande wa pili wa dunia. Na ni yale maradhi ya farasi ya Afrika yanayofanya mpaka leo safari ya farasi kutoka sehemu nyingi za bara letu iwe ngumu. Zamani farasi alishindwa kuingia kwetu. Siku hizi akiingia, kutoka ndiko kazi.

Yabaki neno kuhusu lugha, kwani sisi ni walimu wa lugha. Kirundi chamwita mnyama huyu ifarasi. Hapana shaka jina hili lina asili moja na farasi wetu, lile neno la Kiarabu lililopanda na Kaskazi. Jina lilipita Kingaru salama, likavuka Malagarasi bila ya kukamatwa na mamba. Punda, kinyume chake, katika Kirundi ni indogoba, na katika Kinyarwanda ni indogobe, wala hakuna dalili ya neno letu la pwani. Mnyama aliyeweza kutembea alikuwa na jina la bara. Yule asiyeweza alikuja na jina la Kiarabu, akaingia katika vitabu na mahubiri kabla ya mtu kuziona kwato zake.

Kwa hiyo tufikapo kwenye methali ya mpanda farasi wawili, hatuanzi tena na tandiko na hatamu. Twaandika ubaoni kilo 1,050 za majani ya farasi wale wa Sultana, twawaambia wanafunzi wazigeuze kuwa frasila, kisha watafute wangehitajika wapagazi wangapi. Jibu ni 33 kwa majani peke yake, maji bado. Hapo huzuka swali la pili, nalo huwa la mtoto wa mvuvi, azoeaye kuhesabu chakula kabla ya chombo kuondoka: hao 33 nao walikula nini? Twamjibu kwamba posho ya mpagazi ilihesabiwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na darasa huanza kuzidisha upya.